UZI: IST, Noah, Mark X au "fowili" (ya kuvuta tairi zote nne)? Tuzungumze tairi zinazovuta kabla ya jina la gari (wa Mtwara na Lindi karibuni)

Mleta mada: Dereva wa Uwandani

Wakuu salaam.

Kila malipo ya korosho yakianza kuingia, kwenye makundi yetu ya WhatsApp swali ni lile lile: nimepata hela, nichukue gari gani? Majibu yanatoka kwa mahaba. Mwenye Subaru anasema Subaru, mwenye IST anasema "chukua IST utalala usingizi", na fundi anataja ile ambayo spea zake anazo. Muulizaji anaondoka na jina la gari, hakuna aliyemwambia nguvu ya injini inapelekwa kwenye tairi zipi. Huku kwetu unaweza kutoka Mtwara mjini kwenye lami safi, ukala mchanga wa uwanda wa Makonde, ukashuka kwenye mfinyanzi wa mabondeni, vyote kwa siku moja. Hapo ndipo tairi zinazovuta zinapoanza kukuhusu.

Tuanze na za kuvuta mbele, maana ndizo zimejaa: IST ya kawaida, Vitz, Passo, Raum, Spacio, Premio, Allion, Probox. Injini imelala kwa upana chini ya boneti, giaboksi na difu (inayogawa nguvu kwa tairi ya kushoto na ya kulia) viko pamoja kwenye bonge moja, na kutoka hapo shafti mbili fupi zinaingia kwenye tairi za mbele, kila moja na sivi jointi zake, vile viungo vinavyoiacha tairi izunguke huku inakata kona. Hakuna propela shafti inayopita chini ya sakafu kwenda nyuma. Ndiyo maana gari inakuwa nyepesi, ndani kuna nafasi na mafuta yanatumika kidogo. Mini ya Uingereza ya mwaka 1959 ndiyo iliyoupa umaarufu mtindo wa kulaza injini hivyo, ingawa Citroën walishakuwa wanauza gari za kuvuta mbele tangu 1934. Toyota tunaowaabudu walichelewa, gari yao ya kwanza ya kuvuta mbele ni Tercel ya 1978.

Faida ambayo watu hawaisemi ni kwamba injini, ambayo ndiyo mzigo mkubwa wa gari tupu, imezikalia tairi zile zile zinazovuta. Barabara ikiwa telezi kidogo, Probox isiyo na mzigo inapita mahali ambapo pikapu tupu ya kusukuma nyuma inacheza dansi. Sasa geuza hali: pakia magunia ya korosho nyuma, kisha panda mlima wa Rondo mvua ikiwa imenyesha. Uzito wote unarudi nyuma, pua inanyanyuka, na tairi za mbele zinabaki zinafuta barabara. Hapo dereva anaanza kumlaumu fundi kuhusu klachi.

Jambo jingine la hizi gari: ukiingia kona kwa kasi kuliko barabara inavyokubali, pua inagoma kukata na gari inanyoosha kuelekea porini. Kuongeza kukata usukani hakusaidii. Punguza moto taratibu mpaka mbele kushike tena. Na ukisikia "tatatata" ukikata kona yote, hiyo ni sivi jointi inakuaga. Kagua buti za mpira za shafti mara kwa mara, kwa sababu zikichanika tu mchanga wa huku unaingia kwenye grisi, na ni mchanga usio na huruma.

Za kusukuma nyuma ni Mark II, Mark X ya kawaida, Crown, Hiace, na pikapu nyingi zisizo fowili. Injini imekaa kwa urefu, giaboksi nyuma yake, propela shafti inapita katikati hadi difu ya nyuma. Tairi za mbele kazi yake ni kukata kona tu, ndiyo maana usukani wake mtamu kwenye lami. Na ukikanyaga moto au ukipanda mlima, uzito unahamia nyuma, yaani pale pale panaposukuma. Hiace iliyojaa abiria na mizigo inapanda bila kulalamika kwa sababu hiyo. Ikiwa tupu kwenye tope, ni hadithi nyingine: nyuma kwepesi, mkia unahama.

Mkia kuhama ndiyo hatari yake kubwa. Mark X, tairi zimeisha kashata (yale meno ya juu), mvua ya kwanza ya Desemba juu ya lami yenye vumbi na mafuta, dereva ana haraka ya kuiwahi Dar: akikanyaga moto katikati ya kona, nyuma inataka kutangulia mbele. Gari zenye mfumo wa kudhibiti utelezi zinakuokoa kiasi, lakini huo mfumo hauoteshi kashata mpya.

Angalizo kwa wapenda Noah. Ile ya zamani, yenye chesesi SR40, injini iko chini ya viti vya mbele na inasukuma nyuma. Iliyofuata kuanzia 2001, AZR60, inavuta mbele. Jina moja, tabia mbili. Mtu anamuuliza jirani yake mwenye Noah, anaambiwa "inapanda na mzigo vizuri sana", ananunua ya aina nyingine kabisa.

Sasa "fowili". Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa sababu maandishi 4WD kwenye mlango wa nyuma yanabeba mifumo isiyofanana.

Kuna ya kuchagua mwenyewe: Hilux, Land Cruiser za kazi, Jimny, Escudo za zamani. Siku zote inasukuma nyuma, ukifika pabaya unaingiza 4H (zote nne kwa gia za kawaida), na pakiwa pabaya zaidi 4L, ile gia nzito ya kutambaa. Ukishaingiza, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Kwenye mchanga na tope ni raha. Kwenye lami kavu ni sumu: ukikata kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, mfumo unajikaza mpaka usukani unakuwa mzito na kitu kinavunjika.

Kuna ya muda wote: Prado, Land Cruiser VX, RAV4 za mwanzo. Hizi zina difu ya tatu katikati inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo, kwa hiyo lami ruksa. Nyingi unaweza kuifunga hiyo difu ya kati ukiwa pabaya. Subaru nao wanavuta zote nne muda wote kwa mtindo wao.

Halafu kuna inayojiamulia: IST ya 4WD, RAV4 za 2006 kuja juu, X-Trail. Kwa kawaida inavuta mbele. Tairi za mbele zikianza kuteleza, kuna kiunganishi kinachopeleka sehemu ya nguvu nyuma. Hii ni msaada wa kutoka kwenye utelezi mfupi. Haikutengenezwa kushindana na Land Cruiser njia ya Nangurukuru kwenda Liwale wakati wa masika.

Na aina zote hizo, difu ya kawaida ni mvivu: inapeleka mzunguko kwa tairi isiyo na kazi. Ndiyo maana unaweza kuona fowili imekwama huku tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zinazunguka hewani na nyingine mbili zimetulia kimya. Tiba ni difu yenye kufunga, au breki za kompyuta zinazoishika ile inayozunguka bure. Bila hivyo, andaa koleo.

Msimamo wangu: ukiishi Mtwara mjini, Lindi mjini au Masasi na safari zako ni za lami, ya kuvuta mbele yenye tairi nzuri inakutosha, na hela inayobaki nunua mabati. Fowili ni ya mtu ambaye njia yake ya kila wiki inamdai.

Karibuni.

Korosho Ghafi

Mkuu umeandika kitaalamu lakini acha nikupinge kidogo. Mimi nina IST ya kawaida, naenda Tandahimba kwa minada msimu mzima, vijiji vya ndani kabisa. Sijawahi kuhitaji fowili. Nyie mnatisha watu tu wanunue magari ya bei.

Dereva wa Uwandani

Hatupingani mkuu. Minada mingi ya korosho iko Oktoba hadi Desemba, wakati huo njia nyingi ni kavu na mchanga umeshindiliwa na malori. Mchanga wa uwandani unakuwa mgumu zaidi ukinyeshewa kidogo, unalainika ukikauka sana, hasa pembeni ya mikondo ya malori. Wewe unapita kwenye mikondo iliyokwishashindiliwa, na mwendo wako hausimami. Hiyo ndiyo siri ya gari ndogo kwenye mchanga, usisimame na usikate usukani ghafla. Siku ukipishana na lori ukalazimika kutoka pembeni, ndipo utajua.

Mzee wa Kilwa Kivinje

Vijana, mnasahau kimo. IST haikwamishwi na kuvuta mbele, inakwamishwa na tumbo. Mikondo ya malori ikishakuwa mirefu, kati kunabaki kilima, gari ndogo inakaa juu ya kile kilima tairi zikining'inia. Hata ungeiwekea fowili ya kifaru, tairi isiyogusa ardhi haivuti. Hiyo IST ya 4WD inapita vizuri kwenye utelezi, lakini tumbo lake bado liko karibu na ardhi.

Dereva wa Uwandani

Mzee wangu hapo umemaliza. Ukipanga bajeti, anza na tairi, fuata kimo cha gari, kisha ndiyo uulize inavuta wapi. Wauzaji hupenda tuanze mwisho.

Binti Msimbati

Kuna jamaa zangu walikuja na RAV4 ya 2008 kula bata ufukweni Msimbati. Wakajisemea ni fowili, wakaingia mchanga laini na upepo wa tairi ule ule wa lami. Kubonyeza kitufe cha lock, kukanyaga moto, gari ikatembea kidogo halafu taa ikaanza kuwaka kwenye dashibodi, nyuma ikaacha kabisa kuvuta. Wakahangaika na maji yanakuja. Walitolewa na wavuvi kwa kamba na makuti. Ilikuwa imeharibika au?

Dereva wa Uwandani

Pole yao dada. Haikuharibika, ilijilinda. Kile kiunganishi cha nyuma kwenye gari zinazojiamulia kinafanya kazi kwa msuguano wa sahani ndogo ndogo. Mchanga laini unakilazimisha kufanya kazi mfululizo, kinapata moto, kompyuta inakikatia kazi ili kisiungue. Ukizima na kusubiri kipoe, kinarudi. Hata hicho kitufe cha lock kina mipaka, ukizidisha mwendo kinajiachia chenyewe.

Kosa kubwa lilikuwa upepo. Kwa mchanga wa ufukweni, shusha tairi zote mpaka psi 18 au 20 hivi. Tairi inatanuka, inakanyaga eneo kubwa, gari inaelea badala ya kuchimba. Endesha polepole, usikate kona kwa nguvu maana tairi yenye upepo mdogo inaweza kuchomoka kwenye ringi. Na uwe na pampu ya kujazia ya kuchomeka kwenye gari, kwa sababu kurudi nayo hivyo kwenye lami ya Mtwara ni kuichemsha tairi mpaka ipasuke. Ukishaona imeanza kuchimba, acha moto mara moja. Kila sekunde unayokanyaga unajizika.

Liwale Ekspresi

Mimi naendesha Cruiser ya kazi, hardtop, njia ya Liwale na Nachingwea. Niongezee upande wa tope.

Mchanga unataka upana na mwendo usiokatika. Mfinyanzi unataka kitu kingine: meno ya tairi yanayojisafisha. Tairi za lami zikipita kwenye mfinyanzi mweusi mara moja tu, kashata zote zinajaa, inabaki mviringo wa tope unaoteleza juu ya tope. Hapo fowili inakuwa tairi nne zinazoteleza badala ya mbili. Nimewapita V8 za maofisa zimesimama, siyo kwamba gari mbovu, tairi za mjini.

Pili, watu wanaogopa 4L, wanadhani ni ya kuvuta malori tu. Ingiza mapema, kabla hujakwama, ukiwa umesimama. Chukua gia ya pili, achia klachi, acha injini itambae yenyewe bila makelele. Kushuka mlima wa utelezi nayo usikanyage breki hovyo, injini inaizuia gari.

Tatu, sisi wa hizi gari za zamani tuna vifungo vya habu (kitovu cha tairi) kwenye tairi za mbele, vya kuunganisha tairi na shafti, unashuka unazungusha kwa mkono. Nimeshamkuta mtu ameingiza 4H, habu zimeachiwa, analalamika fowili haifanyi kazi. Shafti ya mbele inazunguka, tairi haina habari.

Mndengereko Mgeni

Hahaha Liwale Ekspresi umenikumbusha Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilipokatika kule Somanga. V8, Mark X, mabasi na Vitz, foleni moja. Fowili hairuki mto.

Mwalimu wa Nachingwea

Habari zenu kaka zangu. Mimi natafuta gari kwenye mitandao ya kuagiza kutoka Japani. Nyingi zimeandikwa 2WD tu. Nitajuaje kama inavuta mbele au inasukuma nyuma? Na je, X-Trail ya fowili mafuta yake yanatisha kama wanavyosema? Kituo changu kipo kijijini, nje ya lami kama mwendo wa saa moja, njia ni ya udongo mwekundu na masika kuna sehemu mbili hivi mbaya.

Dereva wa Uwandani

Karibu sana mwalimu.

Karatasi za minada ya Japani na baadhi ya matangazo huandika FF, maana yake injini mbele na inavuta mbele. FR ni injini mbele, inasukuma nyuma. Wasipoandika, angalia namba ya chesesi. Kwa IST za mwanzo, NCP60 na NCP61 zinavuta mbele, NCP65 ndiyo 4WD. Probox, NCP50 na NCP51 mbele, NCP55 fowili. Mark X za mwanzo, GRX120 inasukuma nyuma, GRX125 ni fowili, na hii ya mwisho watu hawaijui, wanainunua bila kujua wamenunua nini. Ukiipata mkononi, inama chini: ukiona propela shafti inakwenda nyuma kwenye difu na hakuna shafti mbele, inasukuma nyuma.

X-Trail zile za kwanza zina swichi ya 2WD, Auto na Lock. Ukiwa lami iweke 2WD. Hata hivyo, propela shafti na difu ya nyuma unavibeba popote uendapo, ni uzito na ni vitu vya kumwagia oili. Ndiyo maana gari ile ile ya fowili inakunywa zaidi ya ndugu yake wa 2WD. Kutisha siyo neno langu, lakini kila wiki utaiona tofauti.

Kwa njia yako, kwa sehemu mbili mbaya za masika tu, ningetafuta hiyo X-Trail au Escudo iliyotunzwa, nikaweka tairi za njia zote. Kama hela inabana, Probox ya 4WD yenye tairi nzuri. Kimo chake siyo cha Escudo, lakini inavumilia kazi.

Mwalimu wa Nachingwea

Nashukuru kaka. Tairi naweza kubadilisha mbili kwanza, mbili baadaye?

Liwale Ekspresi

Dada usithubutu kwenye fowili ya muda wote au inayojiamulia. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyochoka. Mbele na nyuma zikitofautiana, mfumo unadhani kuna utelezi kila dakika, kiunganishi au difu ya kati inafanya kazi barabara nzima mpaka inakufa. Nunua nne, saizi moja, aina moja, na uzizungushe mbele na nyuma zichoke pamoja. Kwa gari ya kuvuta mbele mbili zinawezekana, na hapo mafundi wengi wa matairi wanashauri mpya zikae nyuma ili mkia usihame kwenye mvua.

Korosho Ghafi

Hilo la mpya kukaa nyuma nilikuwa nabishana na fundi wangu juzi. Sasa swali la mwisho mleta mada: kuna mtu aliniambia fowili inashika breki haraka kuliko gari ya kawaida. Kweli?

Dereva wa Uwandani

Hapana mkuu. Kila gari ina breki tairi zote nne, IST na Land Cruiser sawa. Fowili inakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni kazi ya tairi, breki na uzito, na fowili nyingi ni nzito zaidi. Wapo wanaopinduka kwenye mvua, wale walioona gari imekamata vizuri wakati wa kuongeza mwendo, wakaamini itakamata hivyo hivyo wakati wa kusimama.

Mikindani Usiku

Na ikiharibika njiani? Juzi kuna Forester ilivutwa kutoka Mingoyo mpaka Mtwara, mbele imenyanyuliwa, nyuma inazunguka chini. Mwenyewe anasema sasa giaboksi inalia.

Dereva wa Uwandani

Ndiyo namna ya kuiua. Gari inayovuta zote nne, ukinyanyua mbili na mbili zikabaki chini zinazunguka, mfumo wa kati unalazimishwa kupishana njia nzima bila mapumziko. Inatakiwa ipakiwe yote juu ya lori lenye kitanda. Ya kuvuta mbele nyanyua mbele, nyuma iburuzike, haina shida. Ya kusukuma nyuma yenye giaboksi ya otomatiki, nyanyua nyuma au fungua propela shafti kwanza, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa vyuma vinasagana vikavu. Huyo jamaa mwambie amwage oili ya giaboksi aangalie ina vipande vya chuma kiasi gani kabla hajaiwasha tena.